Kisa cha Celtel: Kampuni Iliyojengwa Bila Mkopo

Machi 2005 kampuni ya simu ya MTC kutoka Kuwait ilikubali kuinunua Celtel kwa dola za Marekani bilioni 3.36. Celtel ilikuwa na miaka 7 tu tangu ianze. Katika miaka hiyo ilikuwa imesimika mitandao katika nchi 13 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, na wateja wake walikuwa wamevuka milioni 5. Mwasisi wake, mhandisi Mo Ibrahim kutoka Sudan, aliondoka na utajiri mkubwa. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yenye jina lake, ile inayotoa tuzo kwa marais wastaafu walioongoza vizuri na kuondoka madarakani kwa kufuata katiba.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushindi, na ushindi kweli ulikuwepo. Mimi kimenikaa kichwani kwa sababu nyingine. Kampuni ilikuwa inaingiza faida, inapata wateja wapya kila mwezi, na watu wengi katika nchi zake walikuwa bado hawajawahi kushika simu. Mtu mwenye shamba la namna hiyo kwa kawaida haliuzi. Kwa nini basi liliuzwa? Kila ninapolitafuta jibu najikuta nimerudi 1998, kwenye milango ya mabenki.

Mo Ibrahim ni Mnubi, aliyezaliwa Sudan mwaka 1946 na kulelewa Alexandria, Misri, alikosomea uhandisi wa umeme. Alifanya kazi kwanza katika shirika la simu la Sudan. Mwaka 1974 akaenda Uingereza kusoma, na Birmingham akapata shahada ya uzamivu katika mawasiliano ya simu za mkononi, wakati ambapo simu zenyewe zilikuwa bado ndoto ya maabara. BT, kampuni kubwa ya simu ya Uingereza, ilipoanzisha mtandao wa simu za mkononi wa Cellnet miaka ya 80, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi. Mwaka 1989 akaacha kazi na kufungua kampuni ya ushauri, MSI, akianzia kwenye meza ya chakula nyumbani kwake. Kazi ya MSI ilikuwa kuwapangia wenye mitandao mahali pa kuweka minara, na kuwaandikia programu za kufanya mahesabu hayo. Mwaka 2000 aliiuza kwa Marconi kwa dola milioni 900.

Kwa hiyo alipoigeukia Afrika mwaka 1998 alikuwa anawajua wakubwa wa simu wa Ulaya kwa majina, wengi wakiwa wateja wake. Alishangaa kwamba hawataki leseni ambazo serikali za Afrika zilikuwa zikizitoa kwa bei ndogo mno. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyomshauri mmoja wao aombe leseni ya Uganda. Yule bwana akamjibu kwamba hawezi kusimama mbele ya bodi yake na kuiambia anataka kuwekeza katika nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa amekimbia Kampala Aprili 1979. Mkuu wa kampuni kubwa ya mawasiliano alikuwa nyuma ya habari kwa miaka mingi.

Hapo ndipo penye mzizi wa kisa chote. Kwa kuwa wakubwa wale hawakuijua Afrika, Mo Ibrahim alipata leseni bila kushindana nao. Lakini watu wa mabenki walisoma magazeti yaleyale na kula chakula cha mchana mezani pamoja na wakubwa haohao. Walichokuwa hawakijua kuhusu Kampala, Lusaka na Kinshasa kilimpa Celtel leseni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kikamnyima mkopo.

Tofauti ya mkopo na hisa

Nitakaa hapa kidogo, maana bila kuielewa hesabu hii mauzo ya 2005 yanaonekana kama tamaa tu.

Mtandao wa simu hula fedha nyingi kabla haujarudisha hata shilingi. Unalipa leseni, unaagiza mitambo, unajenga minara, ndipo unaanza kuuza vocha, na vocha huingiza fedha kidogokidogo. Kwingineko duniani pengo hilo huzibwa na benki. Unakopa, unalipa kwa awamu, na siku unayomaliza awamu ya mwisho benki inakushika mkono na kuondoka. Kampuni inabaki yako.

Kwa sehemu kubwa Celtel haikupata nafasi hiyo. Ilianza na dola milioni 16 hivi za wanahisa, na kila ilipotaka kuingia nchi nyingine ilirudi kuwauzia watu hisa, hadi mtaji huo ukapita dola milioni 400. Waliochangia ni mashirika ya fedha ya maendeleo kama CDC ya Uingereza, IFC ya Benki ya Dunia, FMO ya Uholanzi na DEG ya Ujerumani, pamoja na mifuko binafsi ya uwekezaji. Mwenye hisa hamalizi awamu. Yeye ni mwenzako hadi mtu mwingine amnunue. Na mfuko wa uwekezaji una saa inayohesabu: umekusanya fedha za wastaafu na matajiri kwa ahadi ya kuzirudisha na faida baada ya miaka kadhaa. Siku ikifika, lazima mlango wa kutokea uwepo.

Milango hiyo ni miwili, kuorodheshwa kwenye soko la hisa au kuuzwa. Naona Celtel ilikuwa imeshaandikiwa kuuzwa siku hisa za kwanza zilipotolewa. Kilichobaki kilikuwa kujua ni lini, na kwa nani.

Mnara mmoja

Chukua mnara mmoja wa Celtel ndani ya Kongo, miaka ya mwanzo ya 2000. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza Agosti 1998. Umeme wa gridi haupo, kwa hiyo mnara unahitaji jenereta, na kwa usalama unaweka mbili. Jenereta inataka dizeli, dizeli inataka lori, lori linataka barabara, na pasipo na barabara unaitengeneza mwenyewe au unapandisha mitambo kwa helikopta. Pembeni kuna kibanda chenye kiyoyozi, maana mitambo ikipata joto inazima. Kuna tangi la mafuta, na mafuta yana wezi, kwa hiyo kuna uzio na mlinzi. Mlinzi naye anahitaji maji. Yote hayo ili mama wa sokoni aweze kumpigia mwanawe.

Ukisimama Beach Ngobila, bandari ya Kinshasa, unaiona Brazzaville kwa macho upande wa pili wa mto. Ni miji mikuu miwili inayotazamana, yenye watu wa lugha moja na koo moja. Ila simu kati yao ilikuwa inarushwa kwanza kwenye setilaiti na kuzungushwa nje ya Afrika ndipo irudi ng'ambo ya pili, na mpigaji akalipia safari yote hiyo. Celtel, iliyokuwa na mtandao pande zote mbili, iliweka antena zinazotazamana juu ya maji. Simu ikaanza kukatisha mto moja kwa moja. Katika yote aliyofanya Mo Ibrahim, hili ndilo linalonigusa zaidi. Kila mtu pale alikuwa anauona mto. Alihitajika mhandisi aliyeuona na kuamini kwamba watu wa kingo zile mbili wana mengi ya kuambiana na wako tayari kuyalipia.

Ni haki pia kumtaja aliyetangulia. Simu za mkononi za kwanza Kinshasa zililetwa miaka ya 80 na Telecel ya Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, enzi za Mobutu. Zilikuwa simu za mawaziri na majenerali. Celtel nayo ilianza na kasoro hiyohiyo. Nchini Uganda kampuni yenye jina la Celtel ilikuwa ya kwanza sokoni, mwaka 1995, kabla kampuni mama haijaundwa 1998, ikaweka bei za wenye nazo. MTN, kampuni ya simu ya Afrika Kusini, ilipoingia 1998 na kumlenga mtu wa kawaida, iliipita Celtel kwa muda mfupi, na Celtel haikuwahi kuurudisha uongozi huo. Anayeisimulia Celtel kama kampuni iliyomwona maskini tangu siku ya kwanza anairuka Kampala.

Hundi ya dola 30,000

Sheria ya Celtel inayotajwa zaidi ni hii: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 sharti yapitishwe na bodi. Ilihusu kila nchi na kila meneja.

Fikiria inavyofanya kazi mezani. Meneja wa nchi ameketi ofisini kwa afisa fulani. Kontena la mitambo limekwama forodhani wiki ya tatu, na kila siku inayopita ni hasara. Afisa anasema jambo linaweza kwisha leo. Meneja asiye na sheria nyuma yake yuko peke yake: akikataa ataonekana mgumu, na akikubali ameiingiza kampuni yote kwenye rushwa. Meneja wa Celtel alikuwa na jibu ambalo halimtusi mtu, kwamba hata angetaka hana saini. Saini iko Amsterdam, kwa bodi, na bodi itauliza fedha ni za nini.

Na bodi yenyewe ilikuwa ya watu ambao afisa yule asingependa wamjue kwa jambo la aina hiyo. Mmoja wao alikuwa Dk. Salim Ahmed Salim, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania na katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12. Ombi la kitu kidogo lilihitaji kupita mbele ya macho yake.

Wengi huisifu sheria hii kama uadilifu wa mtu mmoja. Nafikiri wanampunja. Uadilifu wa mtu mmoja unakaa London, na rushwa inaombwa Lubumbashi. Alichofanya ni kuuhamisha uamuzi kutoka kwa mtu anayebanwa hadi kwa watu wasioweza kubanwa. Na sheria hii ilitokana na uhaba uleule wa mikopo. Wanahisa kama CDC na IFC wasingeweka fedha zao katika kampuni yenye vitabu vichafu, kwa hiyo bodi kali ilikuwa sehemu ya bei ya kupata mtaji. Celtel ingekopa kirahisi, sina hakika kwamba sheria hiyo ingekuwa kali hivyo.

Nairobi, ndani ya saa moja

Kufikia 2004 dunia ilikuwa imeamka. Leseni za bei ya kutupa zilikwisha, na aliyetaka kukua alilazimika kununua kampuni iliyokwishajengwa. Kenya ndiyo iliyoonyesha bei mpya.

KenCell, kampuni ya simu za mkononi ya Kenya, ilimilikiwa na Vivendi ya Ufaransa kwa asilimia 60 na kundi la Sameer la mfanyabiashara Naushad Merali kwa asilimia 40. Vivendi ilitaka kuondoka, na MTN ya Afrika Kusini ilikuwa tayari kuichukua sehemu yake. Lakini mkataba wa wanahisa ulimpa Merali haki ya kununua kwanza. Aliitumia. Akazinunua hisa za Vivendi kwa dola milioni 230 na kuziuza kwa Celtel kwa dola milioni 250. Wakenya mpaka leo wanasimulia kwamba alipata dola milioni 20 ndani ya saa moja.

Hadithi hiyo husimuliwa kwa kumshangilia Merali, na ujanja wake unastahili. Mimi huitazama kutoka kiti cha Celtel. Ilikuwa imelipa robo ya dola bilioni kwa nchi moja, ikiwa ni zaidi ya nusu ya mtaji wote iliokusanya tangu ianze. Na Nigeria, soko ambalo kampuni ya Afrika isingeweza kulikosa ikataka kubaki kubwa, ilikuwa bado. Mwaka 2006, ikiwa tayari mikononi mwa MTC, Celtel ililipa takriban dola bilioni 1 kwa asilimia 65 ya V-Mobile ya Nigeria. Mo Ibrahim angezipata wapi, kwa hisa peke yake?

Dar es Salaam

Kwa Watanzania kisa hiki kina sura yake, na si safi kama ile ya hundi. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya taifa, kwa ubia wa MSI Cellular (jina la awali la Celtel, si ile MSI iliyouzwa kwa Marconi) na Detecon ya Ujerumani, na uendeshaji ukaenda kwao. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 120. Nusu ililipwa, na mgogoro ukazuka juu ya nusu ya pili na mahesabu ya TTCL. Celtel Tanzania ilizaliwa ndani ya ubia huo, kisha mwaka 2005 ikatenganishwa na TTCL, serikali ikibaki na asilimia 40 ya kampuni ya simu za mkononi.

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa la wanasheria. Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa Airtel, ni mali ya TTCL, akaagiza uchunguzi. Januari 2019 yakapatikana makubaliano na Sunil Mittal wa Bharti ya India, mmiliki wa Airtel, na hisa za serikali zikapanda hadi asilimia 49. Celtel ya Mo Ibrahim ilikuwa imeuzwa miaka 14 nyuma. Sheria ya hundi ilizuia rushwa, lakini haikuwa na la kusema kuhusu swali la Watanzania: mali ya umma iliingia ubia kwa thamani gani, na ikatoka kwa thamani gani? Swali hilo lilikuwa halali, na lilistahili kujibiwa kabla ya 2005.

Mlango wa kutokea

Mwanzoni mwa 2005 Celtel ilikuwa inajiandaa kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la London. Saa ya wanahisa ilikuwa imefika. Ndipo wanunuzi wakabisha hodi, MTN wakitaja bei na MTC wakipanda juu yake. Kuorodheshwa kungewaletea wanahisa fedha kwa awamu na kwa bei ya kubahatisha. MTC ilikuwa tayari kulipa taslimu. Bodi ikachagua MTC.

Wafanyakazi walikuwa na hisa pia, na Mo Ibrahim amesema wapatao 100 waliondoka wakiwa mamilionea wa dola. Hilo ni jambo kubwa, na makampuni ya Afrika yaliyolifanya ni machache.

Angeweza kufanya vingine? Utetezi wa kawaida ni kwamba masoko ya hisa ya Afrika yalikuwa madogo mno. Naukubali nusu. Miaka mitatu baadaye, 2008, Safaricom iliuza hisa bilioni 10 Nairobi kwa shilingi 5 kila moja, na maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa. Watu walipanga foleni kwenye mabenki wakiwa na akiba za chama na fedha za kuuza ng'ombe. Soko la nchi moja lilikusanya shilingi bilioni 50. Safaricom ilikuwa na serikali nyuma yake na Celtel haikuwa nayo, lakini fedha zilikuwepo. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuziomba.

Kuna kilichopotea katika mauzo hayo ambacho hakitajwi. Celtel ilikuwa imeanzisha Celpay nchini Zambia mwaka 2002, huduma ya kulipa kwa simu, ikaifikisha Kongo. Serikali ya Kongo na wafadhili wakaitumia kuwalipa posho askari waliorudi uraiani, katika nchi ambayo matawi ya benki yalikuwa ya kuhesabika. Mwaka 2005, mwaka uleule wa mauzo, Celpay iliuzwa kwa FirstRand, kundi la benki la Afrika Kusini. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007.

MTC iliendeleza kazi vizuri. Septemba 2006 One Network iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, na dereva wa lori akavuka Namanga au Malaba na laini yake ileile bila kutozwa gharama za kigeni. Wazo hilo lilikuwa mtoto wa antena za mto Kongo. Kisha MTC ikawa Zain, mabango yakapakwa rangi upya, na mwaka 2010 Zain ikauza mitandao yake katika nchi 15 za Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7.

Bharti haikuwa na fedha hizo taslimu. Ilizikopa. Kundi la mabenki, Standard Chartered ikiwa mbele, liliipa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 8. Biashara yenyewe ilikuwa Lusaka, Kampala, Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi, miji ileile. Na Standard Chartered imekuwa Mombasa tangu 1911.